Vinyama vinavyorudi kooni: jibu kwa mama wa Kadutu

Swali:

"Muganga, jambo. Niko mama wa watoto watatu, ninaishi Kadutu, hapa Bukavu. Binti yangu wa kwanza ana miaka 4. Sauti yake ilianza kukwaruza alipokuwa na miaka 2, ikaendelea kupotea mpaka sasa anaongea kama mtu anayenong'ona. Mwaka mzima tulimtibu asma: siro, sindano, pompi ya kuvuta kwa mdomo. Mwishowe muganga wa ORL (masikio, pua na koo) akaingiza kamera, akaona vinyama kooni. Wamempasua mara 3 ndani ya miezi 8, na kila mara vinarudi. Watu wa nyumbani wanasema waganga hawakung'oa mizizi, nimpeleke kwa mzee anayekata kilimi. Mama mkwe amesikia kwamba ugonjwa huu mtoto anautoa kwa mama yake, na tangu siku hiyo nyumbani hakuna amani. Muganga mmoja amesema safari ijayo huenda wakamtoboa shingo ili apumue. Je, nikubali? Na hakuna dawa ya kumaliza hii kitu kabisa?"

Jibu:

Mama, jambo. Pole kwa miaka hii miwili, na pole zaidi kwa hayo ya nyumbani. Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu maswali yako yamefungamana na siwezi kujibu moja nikaliacha lingine.

Nianze na mizizi. Ugonjwa wa binti yako unaitwa papilomatosi ya njia ya hewa, na vinyama vyenyewe ni papiloma. Ni ndugu wa zile chunjua zinazoota vidoleni mwa watoto. Tofauti kubwa ni mahali vilipoota. Chunjua ya kidole haimzuii mtoto kitu. Papiloma inaota juu ya nyuzi za sauti, ndani ya zoloto, na zoloto ndiyo mlango ambao hewa yote ya mwili inapitia. Haina mizizi. Inakaa juu ya ngozi laini ya koo ikiwa na kishina chake na mishipa myembamba ya damu, na wakati mwingine zinasongamana nyingi pamoja mpaka zinafanana na kichala cha zabibu.

Kinachozirudisha ni virusi. Jina lake ni HPV, na aina zinazoleta ugonjwa huu karibu kila mara ni mbili: ya 6 na ya 11. Virusi hivi vinalala ndani ya ngozi ya koo ambayo kwa macho inaonekana nzima kabisa, hata muganga akiitazama kwa hadubini ya chumba cha upasuaji. Anachokiona anakiondoa. Kilicholala hawezi kukiona, na hakuna kisu wala leza duniani inayoweza kukitoa. Mwaka 1923 muganga mmoja aliyeitwa Ullmann alisaga papiloma iliyotolewa kooni mwa mtoto, akajidunga maji yake mkononi mwake mwenyewe, na chunjua zikaota pale pale. Leo hakuna anayeruhusiwa kufanya jaribio la namna hiyo, lakini lilionyesha kwamba ndani ya vinyama hivi kuna kitu kinachoambukiza, kitu kinachoweza kuanza upya mahali papya. Kwa hiyo wakikuambia nyumbani kwamba waganga waliacha mizizi, wajibu kwamba hakuna mizizi ya kung'oa. Kurudi kwa vinyama ndiyo tabia ya ugonjwa wenyewe.

Sasa nikueleze jambo ambalo mara nyingi wazazi hawaelezwi, nao wanabaki na mashaka kwa miaka. Kuna wakati muganga mzuri anaona papiloma na anaiacha makusudi.

Uzi wa sauti umeumbwa kwa tabaka. Juu kuna ngozi nyembamba, chini yake kuna tabaka laini sana linalotikisika mtu anapoongea, na chini zaidi kuna msuli. Papiloma inakaa kwenye ile ngozi ya juu tu. Muganga akikwangua kwa hasira ya kutaka kumaliza, anagusa lile tabaka laini, na pale panaota kovu. Kovu halitikisiki. Halafu kuna pembe ya mbele, pale nyuzi mbili zinapokutana. Ukijeruhi pande zote mbili za pembe ile siku moja, wakati wa kupona zinagandana na kufanya utando unaoziba sehemu ya mlango. Ndiyo maana muganga mwenye uzoefu anasafisha upande mmoja, anaacha kidogo upande wa pili, na anarudi baada ya wiki kadhaa. Papiloma inaweza siku moja kuacha kuota yenyewe. Kovu halitaondoka. Mimi naogopa kovu kuliko papiloma, na ningependa binti yako awe mikononi mwa mtu mwenye woga huo huo.

Kwa hiyo upasuaji wa ugonjwa huu una kazi mbili tu: kufungua njia ya hewa, na kulinda sauti. Kumaliza vinyama vyote si kazi yake. Ukilishika hilo, swali unalomuuliza muganga baada ya kila upasuaji litabadilika. Usimuulize "mmevitoa vyote?" Muulize: "Njia ya hewa mmeiacha imefunguka kiasi gani, na mnadhani itakaa hivyo wiki ngapi?"

Nafasi inayohitajika ni ndogo, lakini kila milimita ina uzito. Koo la mtoto ni jembamba. Bomba la hewa likipungua upana kwa nusu, ugumu wa kupitisha hewa hauongezeki mara 2, unaongezeka mara 16. Hii ndiyo sababu unaweza kumwona mtoto anacheza Jumatatu, akapata mafua kidogo Jumanne, na Jumatano usiku mbavu zinaingia ndani kwa kila pumzi. Vinyama havikukua kwa siku mbili. Ni uvimbe mdogo wa mafua uliojiongeza juu ya njia iliyokuwa imebaki nyembamba. Habari njema ni kwamba hesabu hiyo hiyo inafanya kazi kwa upande wa pili: kuondoa milimita moja kunampa mtoto hewa nyingi.

Upasuaji wenyewe, mama, unafanyika kwa kupitia mdomoni, bila kukata shingo. Mtoto analala kwa dawa ya usingizi, muganga anapitisha bomba la chuma mpaka kwenye zoloto, kisha anaondoa vinyama. Vyombo viko vya namna nyingi: koleo ndogo za kawaida, leza, na mashine yenye kisu kidogo kinachozunguka huku kikifyonza kile kilichokatwa. Hiyo ya mwisho ndiyo inayopendwa sana leo kwa watoto, kwa sababu haichomi ngozi iliyo jirani. Lakini usikate tamaa ukisikia kwamba mahali ulipo hakuna leza wala hiyo mashine. Koleo ndogo mkononi mwa mtu mtulivu zinafanya kazi nzuri kuliko leza mkononi mwa mtu mwenye haraka.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni usingizi. Kwa upasuaji wa tumbo, muganga wa usingizi, yule anayemlaza mgonjwa kwa dawa, ana njia ya hewa yake peke yake. Hapa yeye na mpasuaji wanagombania tundu moja jembamba. Mtoto anatakiwa alazwe polepole, mara nyingi akiwa anaendelea kupumua mwenyewe, na kama ni kuwekewa bomba, liwe dogo kuliko la umri wake. Kwa hiyo omba kuonana na anayemlaza kabla ya siku yenyewe, si mpasuaji peke yake. Mwambie waziwazi: "Huyu ana papiloma, amelazwa mara 3, mara ya mwisho alifanya hivi na hivi." Hilo si kumfundisha kazi. Watu wote wa chumba cha upasuaji wanashukuru kuambiwa mapema.

Unauliza kama iko dawa ya kumaliza. Nitakujibu bila kuzunguka: leo hakuna dawa inayovitoa virusi hivi mwilini mwa mtoto. Antibiotiki haivigusi, maana zinaua bakteria. Pompi ya asma haivigusi. Dawa za jamii ya kortizoni zinaweza kupunguza uvimbe wa mafua kwa siku chache, na siku ya hatari zinasaidia kupata muda wa kufika hospitali, lakini papiloma yenyewe haizisikii, na kumpa mtoto miezi na miezi kunamharibia ukuaji.

Zipo hata hivyo dawa za kusindikiza upasuaji, zinazolenga kurefusha muda kati ya upasuaji mmoja na mwingine. Kwa kawaida waganga wanaanza kuzifikiria mtoto anapohitaji kupasuliwa zaidi ya mara 4 kwa mwaka, au vinyama vikishuka kwenye bomba la hewa kuelekea mapafu, au vikirudi haraka kiasi cha kumbana pumzi. Binti yako, kwa mara 3 ndani ya miezi 8, yuko karibu na mpaka huo. Una haki ya kuyaleta mazungumzo haya.

Ya zamani ni interferoni. Ilileta homa na uchovu, na faida yake mara nyingi ilififia. Baadaye ikaja sidofoviri, inayodungwa ndani ya kinyama chenyewe. Imesaidia baadhi ya watoto, lakini inaweza kuumiza figo, na katika wanyama wa maabara ilileta saratani, kwa hiyo ni dawa ya kuzungumzwa kwa utulivu na kusainiwa kwa kuelewa. Inayoleta matumaini zaidi kwa sasa ni bevasizumabu. Ilitengenezwa kwa ajili ya saratani. Kazi yake ni kuzuia mishipa mipya ya damu isiote, na papiloma bila mishipa yake inasinyaa. Ikipitishwa kwenye mshipa wa mkono, kwa kawaida kila baada ya wiki 3 mwanzoni na kisha kwa nafasi ndefu zaidi, kuna watoto waliokuwa wakipasuliwa kila mwezi ambao wamekaa muda mrefu bila kuguswa. Lakini ni ghali, mara nyingi vinyama vinarudi ikisimamishwa, na mtoto lazima apimwe shinikizo la damu na protini kwenye mkojo kila wakati. Mimi ningeifikiria kwanza kwa mtoto ambaye ugonjwa umeshuka kifuani, mahali ambapo koleo haifiki. Pia utasikia watu wakisema kwamba Marekani imepata dawa. Ni kweli kwamba mwezi wa 8 mwaka 2025 waliidhinisha moja iitwayo Papzimeos, inayofundisha mwili kupambana na HPV 6 na 11. Imeidhinishwa kwa watu wazima tu. Nafurahi kwamba ipo, ila usiuze kiwanja kwa ajili yake. Binti yako ana miaka 4.

Mama, na hakuna anayejua ugonjwa huu utachukua njia gani kwa mtoto fulani. Wapo wanaopasuliwa mara chache, kisha vinyama vinakoma. Wapo waliopasuliwa zaidi ya mara 100 katika maisha yao. Wanaoanza wakiwa wadogo sana, chini ya miaka 3, mara nyingi wanapata shida zaidi, na binti yako yuko katika kundi hilo. Kwa wengi ugonjwa unapungua nguvu kadiri koo linavyopanuka na miaka inavyokwenda. Kugeuka saratani kunatokea kwa wachache sana, chini ya mtoto 1 kati ya 100. Kwa sababu hiyo ndogo, kipande cha kinyama kinapaswa kupelekwa maabara, na si mara ya kwanza tu.

Sasa shingo. Tundu la shingo, trakeostomi, linaokoa maisha, na likihitajika saa ile ya hatari usisite hata dakika moja. Mtoto anayeishiwa pumzi mbele ya watu hana muda wa kungoja kikao cha familia. Lakini kama ni mpango wa siku zijazo, wa kurahisisha kazi, mimi ningeupinga kwa nguvu zote. Vinyama hivi vinapenda mahali ambapo aina moja ya ngozi inakutana na nyingine, na tundu la shingo linatengeneza mpaka mpya wa namna hiyo chini ya zoloto. Watoto wenye tundu wanaonekana zaidi na papiloma zilizoshuka kwenye bomba la hewa. Waganga bado wanabishana ni kiasi gani tundu linasababisha na ni kiasi gani linawekwa kwa watoto ambao tayari ugonjwa wao ni mkali. Kwa vyovyote, ushauri unaokubalika ni kuliepuka inapowezekana, na likiwekwa, lifungwe mapema njia ya juu ikishasafishwa.

Na kuna upande wa nyumbani ambao hakuna anayeujua kama wewe. Kibomba cha shingo kinaziba kwa makohozi. Kinahitaji mashine ya kufyonza, umeme wa kuiendesha, kibomba cha akiba, na mtu mzima aliyefundishwa ambaye analala karibu na mtoto kila usiku. Kadutu, mlimani, umeme ukiwa umekwenda, hilo ni jambo zito sana. Kwa hiyo muulize huyo muganga: "Je, unasema trakeostomi kwa sababu njia ya juu haiwezi kusafishwa tena, au kwa sababu hapa hakuna wa kuisafisha mara kwa mara?" Kama jibu ni la pili, basi mtafute mahali pa pili kabla ya kukubali. Goma na Kigali kuna waganga wa ORL, na Kampala na Nairobi kuna hospitali kubwa za rufaa. Wapigieni simu kwanza, waulizwe kama wanapasua papiloma za watoto na mara ngapi kwa mwaka. Gharama ya safari mbili tatu za mpango, ukiilinganisha na ya dharura na ya kibomba cha shingo, inaweza kuwa ndogo.

Lakini safari ifanyike mtoto akiwa vizuri. Usivuke mto Ruzizi na kuingia barabara ya msitu wa Nyungwe kuelekea Kigali, wala usipande boti ya kwenda Goma, na mtoto ambaye tayari anavuta pumzi kwa shida. Msitu ule ni mrefu. Mtoto wa namna hiyo anaanzia hospitali ya karibu yenye oksijeni na chumba cha upasuaji, anafunguliwa njia, na safari inafuata.

Kuhusu mzee wa kilimi, nakuomba usiende. Kilimi ni kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma ya mdomo, kila binadamu anazaliwa nacho. Papiloma ya binti yako iko chini zaidi, ndani ya zoloto, mahali ambapo huyo mzee hawezi kuona wala kufika. Atakata kitu kizima na kuacha kigonjwa. Damu na uvimbe kwenye koo ambalo tayari limebanwa vinaweza kumuua mtoto siku hiyo hiyo. Namheshimu mzee, na najua kwamba wanaokushauri wanampenda mtoto. Waonyeshe picha ya kamera, kama hospitali iliwapa. Mtu akiona kwa macho yake mahali vinyama vilipo, mara nyingi maneno ya kilimi yanaisha yenyewe.

Nimefika kwa mama mkwe. Ni kweli kwamba mara nyingi mtoto anakutana na virusi hivi wakati wa kuzaliwa, anapopita kwenye njia ya uzazi. Lakini sikiliza yanayofuata, na mumeo asikilize pia. HPV ni miongoni mwa virusi vilivyoenea kuliko vyote. Watu wengi waliowahi kuwa na mwenza wamekutana na aina yake moja au nyingine, wanaume kwa wanawake, na wengi hawakuona dalili yoyote. Vinaweza kukaa mwilini miaka bila kujitokeza. Kwa hiyo ugonjwa wa mtoto hauthibitishi kwamba mtu alitoka nje ya ndoa, wala hauonyeshi nani alimletea mwenzake. Anayedai anaweza kusoma hayo kwenye koo la mtoto anasema asichokijua.

Na hata mama akiwa na virusi, watoto wengi mno hawaugui. Utafiti wa Denmaki uliochapishwa mwaka 2003 uliwatazama wanawake waliokuwa na chunjua za sehemu za siri wakati wa mimba: kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa nao, 7 tu walipata papiloma za koo. Hao ni akina mama wenye chunjua zinazoonekana! Waliosalia, watoto 993, hawakuugua. Mara nyingi ugonjwa unampata mtoto wa kwanza, kama wako, labda kwa sababu uchungu wa kwanza ni mrefu. Kuzaa kwa kupasuliwa hakukuonekana kuwakinga watoto katika utafiti ule, na wapo waliozaliwa kwa kupasuliwa ambao waliugua. Kwa hiyo hakuna jambo ulilopaswa kulifanya siku ile ukaacha kulifanya. Ukipata mimba nyingine, mweleze mkunga historia hii, lakini isiwe yenyewe sababu ya kupasuliwa. Wadogo zake wawili hawahitaji kutengwa naye. Ugonjwa huu hauenei kwa kula sahani moja, kwa kikombe, wala darasani, na akifika umri wa shule aende shule kama wengine.

Kuna chanjo, na hapa naongea na wazazi wote wanaosoma. Chanjo ya HPV iitwayo Gardasil, tangu ile ya kwanza ya mwaka 2006, inakinga pia aina ya 6 na ya 11. Chanjo nyingine za HPV, kama Cervarix, zinakinga saratani ya shingo ya kizazi lakini hizo mbili hazimo, kwa hiyo uliza jina kabla ya kuchanjwa. Australia ilianza kuwachanja wasichana mwaka 2007. Walipohesabu watoto wenye papiloma za koo, walikuta wapya 0.16 kwa kila watoto 100,000 mwaka 2012, na 0.02 tu mwaka 2016. Hakuna upasuaji wowote uliowahi kufanya hivyo. Mama akichanjwa akiwa msichana, mtoto wake wa miaka 15 baadaye ndiye anayepata koo safi. Majirani zetu wa Rwanda walianza kuwachanja wasichana wao nchi nzima mwaka 2011, na wa kwanza kati yao sasa ni akina mama. Kwa binti yako ambaye ameshaugua, chanjo inaanza kutolewa akiwa na miaka 9. Kuna taarifa za wagonjwa ambao baada ya kuchanjwa walikaa muda mrefu zaidi bila kupasuliwa, lakini ushahidi bado si imara. Mimi ningempa akifika umri, kwa kuwa ni salama kwake na inamkinga na aina nyingine.

Nirudi kwa mtoto mwenyewe na kazi yako ya kila siku, maana wewe ndiye unayekaa naye.

Nunua daftari moja tu la ugonjwa huu. Andika tarehe ya kila upasuaji, na siku ulipoanza kusikia sauti inakwaruza tena, na siku pumzi ilipoanza kutoa mlio. Baada ya upasuaji mara 3 tayari una hesabu: vinyama vya binti yako vinachukua wiki ngapi kurudi? Kama ni wiki 10, upasuaji upangwe wiki ya 8 au ya 9, wakati bado anacheza. Mtoto anayelazwa akiwa anapumua vizuri ana hatari ndogo kuliko yule anayeletwa saa 8 usiku midomo ikiwa ya bluu. Pia mrekodi kwa simu kila Jumapili, sentensi ile ile moja, hata kama ni jina lake na la kanisa lenu. Na mara moja kwa wiki mpige video kifua wazi akiwa amelala. Muganga akisikiliza sauti za wiki 8 zikifuatana anaelewa zaidi kuliko akisikia "anaendelea vibaya."

Hili liwafikie pia wazazi ambao bado wanatibu asma, kama ulivyofanya wewe mwaka mzima bila kosa lako. Asma inatoa mlio mtoto anapotoa pumzi, inakuja na kuondoka, na haiondoi sauti. Mlio wa koo lililobanwa unasikika anapovuta hewa ndani. Mtoto ambaye sauti yake imekwaruza zaidi ya wiki chache bila mafua, na pompi haimsaidii, anahitaji kamera, si siro nyingine.

Dalili za kukufanya uondoke nyumbani saa ile ile, hata usiku: shimo la chini ya shingo na nafasi za mbavu zinaingia ndani kwa kila pumzi, hawezi kumaliza kunywa, anakataa kulala chali, jasho, au midomo inabadilika rangi. Na moja ambayo inawadanganya wengi: mlio uliokuwa mkubwa unapungua huku mtoto amechoka na kunyamaza. Watu wanasema amepata nafuu. Kumbe hewa inayopita imekuwa kidogo mno hata kutoa sauti. Huyo ndiye aliye karibu zaidi na kifo. Usingoje pia kile kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni kishuke. Kwa kubanwa kwa namna hii oksijeni inashuka mwishoni kabisa, na hapa Bukavu, kwenye mita kama 1,500, akiba yetu ya hewa ni pungufu kuliko ya watu wa pwani. Njiani mwache akae anavyotaka yeye, kwa kawaida wima, kwenye mapaja yako. Usimlaze kwa nguvu, usimtie kijiko mdomoni kutazama koo, usimfanye alie.

Moshi wa makala na wa sigara umkae mbali. Hauleti papiloma, lakini unavimbisha koo ambalo halina nafasi ya kuvimba. Dawa za mitishamba za kumeza zisimpite kooni. Akipaliwa, hana nafasi ya kukohoa vizuri. Na akitaka kuimba, mwache aimbe.

Wiki hii nenda hospitali iliyompasua ukaombe vitu viwili kwa maandishi: ripoti za upasuaji wote watatu, na jibu la maabara la kipande kilichotolewa. Kwenye ripoti tafuta kama wameandika vinyama viko kwenye nyuzi za sauti peke yake au vimeshuka chini. Kama jibu la maabara halipo, inawezekana kipande hakikupelekwa, na safari ijayo lazima kipelekwe. Chukua karatasi hizo pamoja na daftari lako, piga hesabu ya wiki tangu upasuaji wa mwisho, na umwombe muganga wa ORL tarehe ya upasuaji wa nne kabla binti yako hajaanza kuihitaji.